Kinyago cha Kujichongea: Lipiko, Shetani na Filamu za Kutisha

Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni ya Masasi kuteketezwa katika vita vya Majimaji, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapandisha ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Hakuwa amekusudia kuja kusini. Safari yake ilipangwa kwenda Irangi, ikageuzwa kwa sababu ya machafuko ya huko. Wapagazi wake walibeba mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta na kamera ya sinema ya kuzungushwa kwa mkono, na kwa vyombo hivyo alinasa nyimbo na ngoma za watu wa Masasi na uwandani. Filamu zake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kupigwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa pia na kalamu za risasi na karatasi, akawagawia wapagazi na wenyeji wachore walichotaka, na michoro yao ikaingia katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Aliporudi Leipzig alikuwa na vinyago vya Kimakonde ndani ya masanduku. Picha ya kuchora, kiumbe wa kutisha na kamera ya sinema vilikutana basi katika msafara mmoja, kwenye nyanda ambazo siku hizi zinatajwa zaidi kwa korosho.

Wanaosimulia historia ya filamu za kutisha za Kitanzania huanzia kwenye mikanda ya VHS ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakishaanzia hapo hadithi huwa moja tu: vijana wa Dar es Salaam waliona filamu za Nigeria na Marekani, wakaziiga kwa pesa kidogo, matokeo yakawa mashetani ya unga na rangi ya midomo. Nadhani mwanzo huo umechaguliwa vibaya. Uwandani Makonde kazi ya kumtisha mtu kwa gharama ndogo ilikuwa fani kamili muda mrefu kabla ya umeme kufika, fani yenye mafundi wake, kanuni zake na watazamaji waliofunzwa namna ya kutazama. Kanuni zile zinaeleza vizuri zaidi kuliko bajeti kwa nini filamu moja ya shetani inamfanya mtu aogope kwenda chooni usiku, na nyingine yenye pesa mara mia inamfanya acheke.

Tuanze na kifaa chenyewe. Lipiko, kwa wingi mapiko, ni jina la mchezaji aliyevaa kinyago na la kinyago chenyewe, kana kwamba watu hawakuona haja ya kuvitenganisha. Watalii wamezoea kudhani kila kazi ya Mmakonde ni mpingo, lakini mpingo ni mzito mno kuvaliwa kichwani mtu akacheza. Kinyago cha lipiko huchongwa kwa mti laini na mwepesi, katika kibanda kilichojificha porini ambako wanawake na watoto hawafiki. Upande wa Msumbiji, Mueda, kinyago ni kofia nzima inayofunika kichwa, na huvaliwa kikiwa kimeinamishwa kidogo hivi kwamba mchezaji anaona kupitia tundu la mdomo. Uso unaokutazama una macho ambayo hayaoni kitu, na macho yanayokuona yako mahali usipotazama. Upande wa Newala vinyago vya uso ndivyo vingi zaidi, pamoja na wachezaji wa mironjo na kinyago cha mwili, yaani ubao wenye matiti na tumbo la mimba anaoufunga mwanaume kifuani. Juu ya mti huo hubandikwa nywele halisi za binadamu kwa nta. Chale za usoni huchongwa au hufinyangwa kwa nta hiyohiyo, na kama uso ni wa mwanamke, mdomo wa juu hutiwa ndonya, yaani kipande cha pambo cha mdomoni.

Halafu kazi ya kuficha inaanza. Kitambaa hushonewa kinyago shingoni, mikono hufunikwa hadi vidoleni, miguu vilevile, njuga hufungwa miguuni na kiunoni, na ngozi haibaki kuonekana popote. Huu ndio ufundi wenyewe, na ndio unaosahaulika kinyago kinapotundikwa ukutani. Uso uliochongwa vizuri juu ya mikono ya jirani yako unayemjua hautishi mtu. Ukificha mikono, yule jirani ametoweka, na kilichobaki hakina jina. Mwendo nao unasaidia: lipiko halitembei kama mtu anavyotembea, linakuja kwa mbio fupi, linakatika ghafla pale ngoma inapokatika, linatikisa kiuno, linarudi nyuma, na wapigaji wanaliongoza na kulijibu. Hesabu gharama zote na utapata mti, nta, nywele, vipande vya nguo na ngozi za ngoma. Kilicho ghali ni muda wa mazoezi na vinywa vilivyofungwa.

Vinywa hivyo ndivyo vinavyobeba fani nzima. Kwa mujibu wa mafundisho ya zamani, lipiko halikuwa mtu. Lilikuwa kitu cha wafu, kilichoitwa na wanaume waliopita jandoni, na wanawake na wasiotahiriwa walipaswa kulikimbia. Kijana aliingia kwenye kambi ya jando akiamini hivyo, au angalau akiwa ameambiwa hivyo tangu aanze kutambaa, na mle ndani ndimo alimokutana na lipiko ana kwa ana, kinyago kikavuliwa, akaonyeshwa kwamba ndani yumo mtu, pengine mjomba wake. Kisha aliapishwa kunyamaza. Akitoka, amehamia upande wa pili: jana alikuwa wa kutishwa, leo ni wa kutisha. Kuna methali ya Kiswahili inayomcheka mtu anayeogopa kinyago alichokichonga mwenyewe, na kila anayeitumia huitumia kama hoja isiyo na jibu. Uwandani Makonde hoja hiyo haikuwa na nguvu. Watu walichonga, walijua wamechonga, wakapanga kwa makusudi nani atajua na nani hatajua, na kwa mpango huo kinyago kikawa na uwezo ambao mti hauna.

Pingamizi la kwanza linakuja hapo hapo. Wanawake walijua. Mke anaijua miguu ya mumewe hata ikifungwa matambara, anajua nani hakuonekana shambani alasiri ile, na mama aliyeshona nguo anaitambua nguo. Kama walijua, basi siri ilikuwa uongo wa wanaume wa kujifurahisha, na hofu ilikuwa maigizo matupu. Jorge Dias na mkewe Margot, waliofanya utafiti miongoni mwa Wamakonde wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuta pia kwamba wanawake walikuwa na siri zao katika unyago, hata vinyago vyao vya udongo, ambavyo wanaume hawakuruhusiwa kuviona. Ninakubali ushahidi wote huo, ila naona unathibitisha kinyume cha kinachodaiwa. Ikiwa mwanamke alijua ni nani yumo ndani na bado akakimbia, akapiga kelele, akarudi kuchungulia, akakimbia tena, basi hofu ile haikutegemea ujinga wake. Ilitegemea mkataba. Yeye alitoa mbio na vigelegele, mchezaji akatoa ustadi, na kila upande ukaulinda mchezo usiharibiwe na mjuaji wa kusema kwa sauti kile ambacho kila mtu anakijua. Mtu aliyelipa kiingilio kuona filamu ya mzimu yuko katika hali hiyohiyo. Anajua ni mwigizaji na rangi, na hakuja kudanganywa. Amekuja kufanya sehemu yake ya mkataba, na hukasirika pale tu upande wa pili unapozembea.

Lipiko lilikuwa pia na kazi, na kazi hiyo ndiyo inayolitofautisha na mazimwi ya hadithi. Lilikuja siku vijana wanatoka jandoni, lilipokea zawadi, liliwafukuza wasiostahili kukaribia, liliwakejeli kwa miondoko waliojulikana kwa ulafi, majivuno na ugomvi. Ni kiumbe wa kutisha aliyeajiriwa na kijiji. Wasomaji wa vitabu vya katuni vya Marekani watamtambua upesi, maana mhusika wao Hellboy, aliyebuniwa na Mike Mignola na kuanza kuonekana mwaka 1993, ni shetani mwekundu aliyelelewa na binadamu, akajikata pembe, akafanya kazi ya kuwalinda dhidi ya jamaa zake. Filamu yake ya kwanza ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Guillermo del Toro, iligharimu takriban dola milioni 66. Ile ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Brian Taylor na kupigwa Bulgaria, ilitajwa kugharimu milioni 20 hivi, fedha ndogo kwa filamu za namna hiyo, na ilimpeleka shujaa huyo kwenye milima ya Appalachia ya miaka ya 1950, miongoni mwa wanakijiji, wachawi wao na kanisa lao dogo. Sijali sana kama ni filamu nzuri. Ninachokiona ni kwamba pesa zilipopungua, hadithi iliondoka kwenye majeshi na mitambo, ikaenda mahali ambapo watu wachache wanajuana na wanagawana siri. Uchache wa fedha uliisukuma hadithi kuelekea kijijini, na kijiji ndicho kinachojua kuendesha hofu kwa bei nafuu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na huletwa na watu wanaoiheshimu mila: lipiko ni jambo la jando na la wafu, kulilinganisha na sinema ni kulishusha. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama mapiko yangekuwa ibada isiyobadilika. Paolo Israel, aliyeyachunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2014, ameonyesha kwamba historia ya mapiko upande wa Msumbiji ni historia ya mashindano. Vikundi vilishindana kijiji kwa kijiji, mtindo mpya ukizuka wa zamani ulionekana umechuja, na vinyago vilifuata habari za siku: mkoloni Mreno, mfanyabiashara wa Kihindi, baadaye askari na mpigania uhuru. Kinyago cha bwana shauri mwenye kofia si ibada ya wafu kwa maana nyepesi. Ni dhihaka inayotembea kwa miguu ya mzimu. Heshima na kicheko viliishi ndani ya kinyago kimoja bila kugombana, na sioni kwa nini sisi tuwe wakali kuliko mafundi wenyewe.

Mabadiliko mengine yalitoka nje ya fani. Masasi, chini ya uwanda, katikati ya miamba yake mikubwa, ni mji wa Wayao na Wamakua pia, kila watu na jando lao, na tangu 1876 ni mji wa misheni ya Waanglikana iliyoanza kwa kuwaweka watumwa waliokombolewa. Padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, aliona kwamba kulipiga jando marufuku ni kupoteza vijana, akaunda jando la Kikristo ambamo sala zilichukua nafasi ya matambiko ya mizimu. Alisifiwa Uingereza kwa busara, na mwanahistoria Terence Ranger baadaye aliichunguza kazi yake kwa jicho kali kidogo. Kwa hoja yangu, muhimu ni kwamba Lucas alielewa jando kama shule na akataka kubadilisha mtaala. Mambo yalikuwa tofauti ng'ambo ya Ruvuma. Baada ya Wareno kuwaua watu Mueda Juni 1960 na kuanza kwa vita vya uhuru Septemba 1964, Wamakonde wengi walivuka mto wakaingia upande wetu, na FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, ikawa na kambi yake kubwa Nachingwea, jirani na Masasi. Harakati iliyodai usawa wa wanaume na wanawake haikuweza kuivumilia siri iliyosimama juu ya mgawanyo huo. Hata hivyo, siri ilipotangazwa hadharani ngoma haikufa, na siku hizi huko Msumbiji wapo wanawake wanaocheza mapiko. Mkataba ulikuwa imara kuliko siri uliyoanza nayo.

Kilichodhoofika ni kitu kingine, nacho kilidhoofishwa na soko. Wachongaji kutoka Msumbiji waliokuja kwenye mashamba ya mkonge ya pwani na baadaye Dar es Salaam walianza kuuza kazi za mpingo kwa wageni, na katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa mnunuzi wao mkubwa jijini. Kwa simulizi inayojulikana, mchongaji Samaki Likankoa ndiye aliyemletea Peera shetani wa kwanza wa mtindo ule, kiumbe aliyepinda, mwenye viungo vilivyopungua au kuzidi, na Peera akataka wengine. Wanunuzi wa Ulaya waliamini wananunua pepo wa kale wa Wamakonde. Walichonunua kilikuwa na umri wa miezi. Wapo wanaoliona hilo kama udanganyifu. Mimi naona ni ubunifu wa kweli ulioandikiwa tarehe ya uongo. Lakini shetani huyu hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hakuna aliyepaswa kumkimbia, hakuna aliyeapishwa kumnyamazia. Alisimama juu ya kabati sebuleni, na kabatini hakuna mjomba aliyejificha.

Kutoka hapo hadi kwenye katuni ni hatua fupi, na aliyeipiga ni George Lilanga. Alizaliwa kusini mwaka 1934, alichonga kwanza, akaingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, na kufikia kifo chake mwaka 2005 alikuwa amewahamishia mashetani kwenye rangi bapa zenye mistari minene: masikio makubwa, midomo iliyochomoza, vidole viwili vya mguu, wanakunywa, wanagombana, wanabebana, wanakwenda hospitali. Wanafanya yale yale yaliyokuwa yanafanywa na wahusika wa jarida la Sani, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwapa Watanzania akina Lodi Lofa, Pimbi, Ndumilakuwili na Madenge: mambo ya mtaani, aibu za kila siku. Mashetani ya Lilanga hayatishi hata kidogo, na sidhani yalikusudiwa kutisha. Yalirithi nusu moja ya lipiko, ile ya kejeli, yakaiacha ile ya kukimbiwa. Anayeyatazama anaona majirani zake wakiwa na masikio ya ajabu.

Nusu iliyoachwa haikusafiri hata pale kinyago chenyewe kiliposafiri. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yakakinunua Paris, na baada ya miaka mingi ya mazungumzo kikarudishwa Tanzania mwezi Mei 2010. Ilikuwa habari njema na iliandikwa sana, kwa lugha ya mali na umiliki, jambo linaloeleweka. Ila ukiifuata safari ile kwa makini utaona kwamba kinyago kilipita mikononi mwa wezi, madalali, wataalamu na wanasheria, na katika mikono yote hiyo hakuna aliyekiogopa. Kilikuwa na bei, kilikuwa na uzuri, kilikuwa na kesi. Kutisha hakukuwemo kwenye orodha ya vilivyosafirishwa, kwa sababu kutisha kulibaki kule kulikokuwa na nguo, njuga, wapigaji na watu wa kukimbia.

Sasa sinema. Idara ya Filamu ya Makoloni iliyoundwa London mwaka 1939 ilifuata mawazo ya William Sellers, aliyefanya kazi Nigeria, kwamba Mwafrika wa kijijini haelewi ufundi wa picha: apewe filamu za polepole, zisizo na hila za kamera, la sivyo atachanganyikiwa au kuchukulia kila kitu kuwa kweli. Nadharia hii ilitungwa na watu wasiojua kwamba kusini mwa Tanganyika kila mwanaume mzima alikuwa amepita shule yenye somo moja kuu, la jinsi kitu kisicho kweli kinavyotengenezwa, kinavyoonyeshwa na kinavyofichuliwa. Mhitimu wa jando la Newala alikuwa amevuliwa kinyago mbele ya macho yake. Kama kulikuwa na mtazamaji duniani aliyeandaliwa kuelewa hila ya sinema, ni yeye, na msimamizi wa gari la sinema ndiye aliyehitaji kufundwa.

Video ilipokuja watazamaji hawa walionyesha ujuzi wao. Katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, iwe Masasi mjini au Manzese, Dar es Salaam, filamu haikutazamwa kimya. Walikuwepo wafasiri wa sauti, Lufufu akiwa maarufu kuliko wote, waliozitafsiri filamu za kigeni huku wakitania, wakionya na kuwapa wahusika majina ya mtaani, na ukumbi ukijibu. Hapo ndipo filamu za mwongozaji Mussa Banzi ziliposhika: Nsyuka, yenye jina lililotoka kwa Wanyakyusa wa kusini magharibi, kisha Shumileta ya mwaka 2005. Zilipigwa kwa kamera za mkononi, katika nyumba za watu, kwa siku chache. Mtafiti Claudia Böhme amezichambua na kuonyesha wazi alama za Nollywood, sinema ya Nigeria, ndani yake, na hapa linasimama pingamizi la tatu, ambalo ndilo kali kuliko yote: hakuna Mmakonde katika hadithi hiyo. Mzimu ni wa Mbeya, mtindo ni wa Lagos, jiji ni Dar es Salaam. Ukoo wa lipiko hadi Nsyuka hauonekani.

Hauonekani kwa kuwa haupo, na sijadai ukoo. Ninachodai ni kwamba fani mbili zilizokabiliwa na tatizo moja, kutisha watu wanaojua, bila fedha, zilifikia suluhisho linalofanana, na ile ya kwanza imeandikwa vizuri kiasi cha kuweza kuipima ya pili. Angalia jinsi filamu za namna hii zinavyofaulu. Zinatumia nyumba inayofanana na ya mtazamaji, kitanda kama chake, shuka kama lake, na kiumbe anayejitokeza na kutoweka kwa kukata picha tu. Zinaweka mhusika mmoja anayejua na wengine wasiojua, na ukumbi unakuwa upande wa anayejua, unapiga kelele kuwaonya. Hiyo ni alasiri ya lipiko kabisa. Angalia pia zinapoanguka: kamera inapokaa juu ya uso wa mzimu sekunde kumi na rangi inaanza kuonekana ni rangi, pembe za duka zinapopanda na kushuka kichwani, kiatu cha mwigizaji kinapochungulia chini ya kanzu. Mcheza lipiko wa Newala angeuona ule mguu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kufikia mwaka 2011, mwigizaji Steven Kanumba alikuwa na uwezo wa kumleta nyota wa Nigeria, Ramsey Nouah, katika Devil Kingdom, na picha zilikuwa safi zaidi kuliko za Nsyuka. Usafi ule ulisaidia mavazi na magari. Kwa shetani haukuwa na msaada mkubwa, maana kadiri unavyommulika ndivyo unavyoonyesha mikono yake.

Mtu anaweza kusema kwamba mkataba wenyewe umekwisha, watoto wa Newala leo wanayaona mapiko jukwaani bila kukimbia. Ni kweli wanayaona. Tangu mwaka 2008 tamasha la MaKuYa huko Mtwara limewakutanisha wachezaji wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao mbele ya umma, na simu za mkononi zinanasa kila mzunguko, kazi ambayo Weule aliifanya kwa jasho na filamu zilizoteswa na joto. Lakini ukitazama video hizo, mchezaji bado hajaonyesha kidole, na watoto walio mbele wanarudi nyuma hatua mbili lipiko linapokuja mbio, wakicheka, halafu wanasogea tena. Mwongozaji wa filamu kutoka Masasi akitaka kumfanya lipiko kuwa shujaa wake, mjadala wake wa kwanza hautakuwa wa pesa. Wazee watamruhusu apige picha ngoma yote, na watamkatalia kuingiza kamera kibandani wakati mchezaji anavishwa. Atawaona wagumu, watu wa zamani wasiojua soko. Kwa kanuni za filamu za kutisha, watakuwa wamemhariria kazi yake bila malipo.